Leseni Ilifungiwa, Ulipigwa Kesi ya Barabarani? Mwongozo Kamili wa Kupata Bima ya Gari Ukiwa Mbeya, Iringa na Njombe

Nauza bima za magari hapa Mbeya na kuna mteja wa aina moja ambaye haishi kuja. Alikamatwa amelewa, au aliovateki kwenye mlima akasababisha ajali akafikishwa mahakamani, au RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, alimfungia leseni akakaa benchi miezi. Sasa anataka bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, anazunguka ofisi moja hadi nyingine, huku wanamkataa, kule wanamtajia bei ya kumkimbiza, au (hii ndiyo mbaya kuliko zote) wanamkubalia chap chap kwa sababu kuna swali kwenye fomu kaliruka, halafu siku gari limelala mtaroni anakwenda kudai anaambiwa hana chake.

Wengi hawakwami kwa sababu ya kosa. Wanakwama kwa sababu wanaenda kuomba bima makaratasi yakiwa bado machafu, na wakifika pale wanaficha. Kwa hiyo fuata mpangilio huu kama ulivyo, hatua ya mbele ikitangulia ya nyuma unajirudisha mwanzo.

## Tuelewane kwanza kuhusu bei

Bima ndogo, ile thedi pati, ndiyo ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kwa gari dogo la binafsi bei ambayo watu wengi wanaijua ni 118,000, ambayo ni laki moja na VAT ya asilimia 18 juu yake. Hapo historia yako haikuumizi sana, mlevi na mlokole wanalipa sawa.

Historia inauma kwenye bima kubwa. Kiwango cha kuanzia kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa hiyo IST ya milioni 12 inaanzia 420,000, ukiweka VAT ya 18 inafika 495,600. Dereva mwenye rekodi mbaya anaweza kupandishiwa juu ya hapo, anapoteza punguzo la wale wasiodai fidia, na eksesi inaongezwa, yaani ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Wengine wanakubali kukukatia lakini kwa sharti kwamba madereva wanaoruhusiwa watajwe kwa majina.

Kitu kingine, ukitafuta intaneti utakutana na habari za SR-22 na watu wanakuja kuniulizia hiyo fomu. Ni ya Marekani, ni cheti ambacho kampuni inapeleka kwenye jimbo kuthibitisha kwamba dereva aliyekosa ana bima. Huku haipo, usimlipe mtu anayesema atakutafutia.

## Andaa hivi kabla hujatoka nyumbani

- Leseni halisi na kopi yake. Hakikisha daraja linalingana na gari, usije na daraja la gari dogo unataka bima ya Fuso.
- Kadi ya gari. Kama bado ina jina la aliyekuuzia, shughulikia hilo TRA kwanza, bima ya gari lisilo la kwako ina maneno mengi siku ya kudai.
- Namba ya NIDA na TIN.
- Karatasi za kesi: hati ya mashtaka, hukumu au uamuzi, risiti za faini.
- Kama kulikuwa na ajali, ripoti ya polisi (PF 90) na ya ukaguzi wa gari (PF 93).
- Bima ya zamani na barua ya kampuni ya zamani inayoonyesha ulidai mara ngapi na ulilipwa nini. Hii watu hawaijui kabisa lakini ina nguvu sana.
- Picha za gari pande zote nne, dashibodi ikionyesha kilometa, na namba ya chesisi.

Hukumu ikikosekana usiseme basi, nenda mahakama iliyosikiliza kesi na namba ya kesi uombe nakala. Inachosha, najua.

## Hatua ya 1: Jua leseni yako ina hali gani

Kufungiwa na kufutiwa ni vitu viwili. Polisi wanaweza kukufungia kwa muda, mahakama nayo ina mamlaka ya kukufutia leseni na kukuzuia usiwe nayo kwa kipindi fulani. Watu wanachanganya, mtu anasema "nilifungiwa tu" kumbe hukumu imeandikwa kufutiwa.

Usihesabu siku kichwani ukasema muda umeisha. Nenda ofisi ya RTO, mwambie afande unataka kujua kama leseni yako iko wazi, na kama kuna barua ya kurudishiwa omba nakala yake. Kama ilifutwa uliza taratibu za kuanza upya na uzifuate zote, chuo, mtihani wa trafiki, mpaka TRA.

Onyo: ukiendesha wakati leseni imefungwa, bima yako kubwa ni karatasi tu. Kila polisi ya bima, yaani ule mkataba wako na kampuni, ina sharti kwamba dereva awe na leseni hai inayomruhusu kuendesha aina hiyo ya gari.

Umefaulu kama: una leseni hai mkononi na karatasi yoyote rasmi inayoonyesha adhabu ilianza lini na kuisha lini.

## Hatua ya 2: Maliza madeni ya faini

Ingia tms.tpf.go.tz, weka namba ya gari, angalia. Kisha weka namba ya leseni, angalia tena, kwa sababu kuna faini zinakaa kwenye gari na nyingine zinamfuata dereva. Kila kosa la kuandikiwa barabarani kwa gari ni 30,000, na ukipigwa tochi Chimala, Igawa na Makambako safari moja hiyo ni karibu laki. Lipa kwa kontroli namba, hifadhi risiti.

Hakuna anayekulazimisha kufanya hivi ili upate bima. Ila mtu wa kampuni anayepima ombi lako naye anaweza kufungua ukurasa huo huo, na akikuta orodha ya spidi isiyolipwa maelezo yako ya "nimebadilika" hayana kazi tena.

## Hatua ya 3: Andika maelezo ya tukio, ukurasa mmoja

Hii hatua watu wanaiona ya kitoto lakini mimi nimeona ikifungua milango kuliko kitu kingine chochote. Mtu anayeamua kama upewe bima hajawahi kukuona, mara nyingi yuko Dar. Anachokiona ni neno moja, "hatiani", na kichwani anajaza mwenyewe mabaya yote. Mpe habari kamili ili asijaze.

Usiandike insha ya kuomba huruma, usimlaumu trafiki. Andika hivi:

*"Mimi ni mmiliki wa gari namba (…). Tarehe (…) nilikamatwa eneo la Mlima Nyoka kwa kosa la kuyapita magari mengine sehemu isiyoruhusiwa. Mahakama ilinitoza faini ya shilingi (…), nimelipa, risiti nimeambatanisha. Leseni ilifungiwa kuanzia (…) hadi (…) na nimerudishiwa. Hakuna aliyejeruhiwa. Tangu hapo sina kosa lingine. Gari hili naendesha mimi na mke wangu peke yetu, kwa matumizi ya nyumbani na kwenda kazini."*

Kama kuna aliyejeruhiwa au aliyefariki, liandike kama lilivyo, na sema kama fidia ililipwa na nani aliilipa.

Kosa likiwa la pombe ongeza ulichobadilisha, sio ahadi. Kwa mfano "jioni gari linabaki nyumbani" haina uzito, ila cheti cha kozi ya udereva ya marudio kina uzito. VETA hapa Mbeya na NIT, chuo cha usafirishaji kule Dar, wanafundisha madereva, waulize kozi inayokufaa. Ukiwa na GPS kwenye gari, toa ripoti ya spidi ya miezi ya karibuni uibane nyuma ya barua. Wenye mabasi ya mikoani hili wanalo tayari kupitia mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi, ni kuprinti tu.

## Hatua ya 4: Gari likaguliwe na lipewe thamani ya kweli

Huku kwetu kampuni zinaogopa breki. Anayepima ombi anajua Kitonga, anajua Inyala, anajua mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, na anajua malori yanayofeli breki pale ni habari ya kila mara. Dereva mwenye rekodi na gari lenye tairi kipara ni ombi la kukataliwa tu. Badilisha tairi, breki zikaguliwe, taa za ukungu ziwake hasa kama unapita Isongole kwenda Tukuyu, halafu ndiyo umuite mkaguzi.

Thamani sasa. Kuna ujanja wa watu kushusha thamani ili walipe kidogo, na mwenye rekodi mbaya anashawishika zaidi kwa sababu ameshapandishiwa bei. Hesabu ni hii. Gari lina thamani ya milioni 12, wewe umeandika milioni 8, yaani umekata bima ya theluthi mbili. Ukigonga, matengenezo yakawa milioni 3, kampuni inahesabu theluthi mbili yake, milioni 2. Tuseme eksesi yako ni laki tatu, unabaki na milioni 1 na laki saba. Milioni moja na laki tatu ni ya mfukoni, na uliokoa kama 165,000 kwenye bima.

Umefaulu kama: una karatasi ya ukaguzi isiyo na kasoro iliyobaki wazi, na thamani inayolingana na bei ambayo gari kama lako linauzwa sokoni leo.

## Hatua ya 5: Amua unataka bima gani kweli

Kama gari ni la mkopo benki watakulazimisha bima kubwa, hapo huna uchaguzi. Kama gari ni la zamani na thamani imeshashuka, fikiria kukata bima ndogo mwaka wa kwanza, utulie, ujenge rekodi, mwaka unaofuata uombe kubwa. Katikati kuna ya thedi pati, moto na wizi, ambayo wengi hawaiulizi na inawafaa.

Ila ukikata ndogo ujue imekulinda na nini: inawalipa wengine uliowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako likiisha, limeisha.

## Hatua ya 6: Nani apeleke ombi

Kwa mtu mwenye rekodi safi haijalishi sana. Kwa wewe inajalisha. Wakala kwa kawaida anauza ya kampuni anayoiwakilisha, broka anaweza kupeleka faili moja kwenye kampuni kadhaa na anajua ipi inapokea watu wa aina yako na kwa masharti gani. Matawi ya benki nayo yanauza bima siku hizi. Yeyote utakayemchagua awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, muulize na aionyeshe, hakuna wa kukasirika kwa hilo.

Usimwage maombi kila kona kwa wakati mmoja ukitoa hadithi tofauti. Maafisa wa bima wanajuana, na swali la "umewahi kukataliwa na kampuni nyingine" lipo kwenye fomu.

Onyo: vishoka. Wako nje ya ofisi, stendi, Mwanjelwa, Tunduma ndiyo usiseme. Mtu mwenye kesi ndiye mteja wao kwa sababu ana aibu ya kuulizwa maswali, anaambiwa "leta kadi tu na hela, mengine niachie". Ukitoka hapo huna bima, una risiti ya kuchapwa kwa kompyuta ya mtu.

## Hatua ya 7: Jaza fomu, na hapa ndipo watu wanapozama

Fomu nyingi bado ziko kwa Kiingereza. Mwambie wakala akusomee swali moja moja kwa Kiswahili, majibu ujaze kwa mkono wako. Wapo mawakala wa haraka wanaokujazia huku mnapiga stori halafu wanakuonyesha pa kusaini. Ukishasaini, kilichoandikwa ni maneno yako.

Maswali ya moto ni haya: wewe au dereva yeyote wa gari hili amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani? Leseni imewahi kufungiwa? Umepata ajali au kudai fidia miaka iliyopita? Kuna kampuni iliwahi kukukataa, kukuongezea bei au kukataa kuhuisha bima yako?

Sasa nikwambie ninachokiona. Mtu anajaza vizuri, jina, simu, chesisi, akifika hapo peni inasimama, anaangalia dirishani, halafu anachora kistari. Sio ndiyo, sio hapana, kistari. Anadhani kistari sio uongo. Siku ya kudai kampuni inamtuma mpelelezi, mpelelezi anaenda polisi na mahakamani, anarudi na ile hukumu, na kile kistari kinasomwa kama umeficha jambo la msingi. Bima inasimama juu ya uaminifu wa pande zote, ukificha kitu ambacho kingebadilisha uamuzi wao wana haki ya kuukana mkataba.

Kwa hiyo andika NDIYO, na pembeni "tazama barua iliyoambatanishwa". Barua ya hatua ya 3 inafanya kazi hapa.

Na hata kama swali halijaulizwa, ila unajua kabisa ni kitu kikubwa, kiseme. Kisha piga picha fomu yote iliyosainiwa kabla hujaiachia, kila ukurasa, maana miezi minane baadaye hutakumbuka ulijibu nini na kopi yao ndiyo itakuwa kopi pekee.

Umefaulu kama: hakuna kisanduku kitupu wala kistari, na una picha ya fomu kwenye simu yako.

## Hatua ya 8: Soma masharti kabla ya kulipa

Usisome yote, ni marefu na utalala. Soma haya manne.

Madereva. Kama wametajwa kwa majina, basi ni hao. Shemeji akiazima gari kwenda msibani Rungwe akagonga, gari lako halilipwi. Na nyie wenye Kosta na malori, yule deiwaka mnayempa usukani dereva akiumwa, je leseni yake ni hai, daraja linatosha, na polisi ya bima inamruhusu? Hapa wanalia wamiliki, sio madereva, kwa sababu rekodi chafu inaweza kuwa ya mtu uliyemwajiri jana na hukuwahi kumwomba hata kopi ya leseni.

Matumizi. Bima ya binafsi ni ya binafsi. Noah inayopakia abiria Uyole kwenda Tukuyu, Probox inayotoa parachichi Njombe kwa malipo, hizo ni biashara, na bima yake ina bei yake.

Pombe. Kipimo cha kisheria kwa dereva wa gari binafsi ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, lakini soma polisi yako ya bima, maneno yake yanaweza kuwa mapana kuliko hapo, "akiwa amelewa" tu.

Eksesi. Uliza kwa shilingi, sio kwa asilimia: "nikigonga leo, matengenezo yakawa milioni 3, mimi natoa ngapi?" Waandike jibu kwenye barua pepe au WhatsApp.

Kuna jingine ambalo watu hawalijui. Ukivunja masharti, kampuni inaweza kulazimika kumlipa aliyeumia kwa sababu sheria inamlinda yule, halafu ikakugeukia wewe uirudishie hela. Kwa hiyo ile ya "si nina bima, watalipa" sio mwisho wa hadithi.

## Hatua ya 9: Lipa, kisha hakiki mwenyewe

Bila malipo hakuna bima, ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haikukingi hata siku moja. Lipa kwa kontroli namba au akaunti ya kampuni, kamwe sio kwenye namba binafsi ya mtu.

Ukishalipa, hapo hapo ukiwa umesimama kaunta, fungua tiramis.tira.go.tz uhakiki kwa namba ya gari au ya stika. Angalia jina la kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha, aina ya bima, na namba ya gari herufi kwa herufi. Nimeona bima kubwa imelipiwa halafu kwenye mfumo inasoma ndogo. Ukigundua pale kaunta inarekebishwa palepale, ukigundua baada ya ajali ni kesi.

Umefaulu kama: mfumo unaonyesha kile ulicholipia, na una polisi ya bima yenyewe mkononi, sio kavanoti tu, ile karatasi ya muda.

## Hatua ya 10: Mwaka wa kwanza, usidai vitu vidogo

Taa ya nyuma imepasuka, bampa limekwaruzwa, laki moja na nusu, wewe unakimbilia kampuni. Kwanza eksesi inaweza kumeza yote. Pili umeongeza tukio kwenye faili ambalo tayari lina alama. Tengeneza Soweto kwa hela yako. Lakini toa taarifa kama polisi ya bima inakutaka uripoti kila ajali, kuripoti na kudai ni vitu viwili.

Ajali kubwa ikitokea usihamishe gari kabla polisi hawajachora ramani, labda kama linahatarisha wengine, hapo piga picha kwanza. Waliojeruhiwa wapate PF3. Piga simu kampuni siku hiyo hiyo. Na usimkubalie mtu kosa wala kumwahidi fidia pale barabarani, polisi nyingi za bima zinakukataza kufanya hivyo bila kampuni kujua.

Ukibakiza miezi miwili mwaka uishe, omba barua ya historia ya madai na upeleke kwa broka atafute bei upya. Mwaka mmoja safi hauondoi kila kitu, ila unakupa cha kujadiliana nacho.

## Wakikukataa, au wakikataa kulipa

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Wengi hawaombi kwa hasira, wanaondoka. Sababu ikiwa ni gari, rekebisha gari. Ikiwa ni dereva, uliza kama watakubali akitajwa dereva mwingine, mke au kijana mwenye leseni safi, na wewe uondolewe kabisa kwenye orodha. Ukikubali hilo basi kweli usiguse usukani, kwa sababu siku utakayokutwa wewe ndiye uliyekuwa unaendesha hakuna bima.

Madai yakikataliwa, anza kwa malalamiko ya maandishi kwenye kampuni yenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu au jibu lisikuridhishe, TIRA wana ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambayo haimtozi mlalamikaji. Nenda na picha za ile fomu, barua ya maelezo, risiti na polisi ya bima. Kitu cha kwanza watakachotaka kuona ni ulichojibu kwenye lile swali la kutiwa hatiani.